Tuna ya Technics ya mjomba: FM imekufa kweli?

Mwana_Likoni:
Mafundi, hamjambo. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 1981 alishuka melini na tuna ndogo ya Technics (kile kipokea redio kisicho na spika zake), ST-C01, aliyoinunua Yokohama. Upana wake haufiki sentimita 30, bapa kama msahafu mkubwa. Akaifungia transfoma ya kushusha umeme, na miaka yote nakumbuka ikisema Sauti ya Kenya kwenye midiamu wevu (AM). FM sikumwona akiigusa. Juzi mkaza mjomba kanipa mimi.

Midiamu inashika vizuri. Nikiiweka FM ni shhhh tupu, mshale uende wapi urudi wapi. Fundi wa mtaani kaisikiliza dakika mbili akasema FM imekufa, anataka kuing'oa atie bodi ya redio ya Kichina. Elfu nne. Roho inasita. Nimwachie?

FundiKoili:
Usimwachie hata skrubu! Nisomee kwanza namba za FM hapo usoni. Zinaanzia wapi, zinaishia wapi?

Mwana_Likoni:
76 mpaka 90. Nilidhani zilizobaki zimefutika.

FundiKoili:
Haijafa basi. Hiyo ilitengenezewa soko la kwao. Japani enzi hizo FM iliishia 90. Kutoka hapo hadi 108 walikaa watu wa televisheni, chaneli 1 mpaka 3. Sasa wewe uko Mombasa, stesheni ya Baraka FM iko 95.5, Pwani FM 103.1. Itazishika vipi? Ni ugonjwa uleule wa redio za magari ya mtumba, na dawa ni ileile: ekspanda, kile kiboksi cha kwenye waya wa antena. Tafuta inayoshusha masafa kwa megahezi 14. Baraka utaikuta 81.5, Pwani 89.1. Midiamu haikusumbua kwa sababu huko masafa yao na yetu ni yaleyale.

MzeeSoda:
Ekspanda ni kiraka. Mimi ningefungua nizitanue koili za mbele, zile nyaya zilizosokotwa za kuchagulia masafa, masafa yapande yenyewe.

FundiKoili:
Mzee wangu, ukitanua koili bila kugusa kapasita inayozungushwa na mshale, ukianzia 88 utagota kama 104. Ekspanda inafika hapohapo, na siku akiichoka anaichomoa, tuna imebaki vile ilivyotoka kiwandani. Koili ya miaka arobaini ikikatika utampa ipi?

MzeeSoda:
Haya, hapo umenishika. Ila kijana, hiyo transfoma inatoa volti ngapi? Mashine ya kwao inataka 100, si 110. Na umeme wetu ukipanda, nayo inapanda.

Mwana_Likoni:
Narudi na habari. Ekspanda nimeipata kwa wauza redio za magari, nikaipa moto kwa adapta ya volti 12 ya ruta iliyokufa, waya nikazibana kwenye terminali za antena nyuma. Baraka imeingia 81.5 kama mlivyosema, taa ya stereo ikawaka! Mkaza mjomba kaja toka jikoni na mwiko mkononi, akauliza, "Ndiyo ile ile?" Karibu na 85 kuna mluzi mwembamba, nitauvumilia.

Transfoma nimeipima: volti 118. Nimezima kila kitu mpaka nipate nyingine.