Kipimo cha risasi kwenye damu ni 18. Nimeze vidonge vya kusafisha damu?

FundiMsasa: Habari wakuu. Kazi yangu ni kukwangua na kupiga msasa rangi za zamani milangoni. Presha imepanda, na mimi si mnene wala sivuti sigara. Daktari akashauri nipime madini ya risasi: mikrogramu 18 kwa desilita. Jamaa ananiuzia vidonge vya kutoa sumu mwilini. Vinasaidia?

Kipepeo: Kunywa maziwa mengi, yanakata sumu.

MuuguziWaZamu: Pole, ndugu. Hela ya vidonge weka mfukoni. Dawa za kweli za kuvuta risasi zipo, ila ni za hospitali, kwa viwango vya juu kuliko chako, na zina madhara yake. Maziwa yana kalsiamu, na mwenye upungufu wa kalsiamu au chuma hufyonza risasi zaidi. Lakini iliyokwisha kuingia kwenye mifupa hayaitoi.

Na huko ndiko iliko nyingi. Kipimo cha damu kinaonyesha zaidi ulichokula au kuvuta wiki za karibuni. Mifupa huitunza miaka na miaka, ikiirudisha kwenye damu kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiacha leo kuvuta vumbi la rangi za zamani, ambalo huwa na risasi, namba itashuka halafu itaanza kushuka polepole. Usishtuke.

Risasi hupandisha presha na kuharibu figo. Kama ndiyo chanzo kwako, hakuna wa kuapa, maana presha ina mengi. Omba upimwe figo, yaani kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu na protini kwenye mkojo, na dawa za presha usiache. Unavaa barakoa gani?

FundiMsasa: Ya kitambaa. Nguo za kazi zinafuliwa nyumbani pamoja na zetu zote. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka miwili, nikifika tu yuko shingoni.

MuuguziWaZamu: Basi huyo apimwe kabla hujarudia chako. Mtoto hufyonza karibu nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, tangu 2021 inashauri mtoto afuatiliwe kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita. Wakimtoboa kidole na namba ikawa juu, warudie kwa damu ya mshipa. Vumbi la ngozini hudanganya kipimo.

Kitambaa hakizuii vumbi hilo, tafuta barakoa yenye kichujio cha P100, kile kinachonasa hata vumbi laini kabisa. Lowanisha rangi kabla ya msasa, usiichome kwa moto. Nguo na viatu vibaki kazini, oga ndipo umbebe.

FundiMsasa: Kesho asubuhi nampeleka. Huyo wa vidonge nimeshamjibu.