Kitabu gani kinafaa kufundishia Kiingereza watu wa zero na wa kati? Murphy, Headway, English File, Interchange au vya shule?

Twisheni ya Jioni
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, nina darasa la Kiingereza la jioni, siyo shule ni chumba tu nimekodi, ubao mmoja na mabenchi. Wanafunzi ni watu wazima, wengi wapagazi wa mlimani wanaotaka kusogea wawe waongoza wageni, wapo pia akina dada wa saluni na vijana waliomaliza form four wanasubiri mambo yao. Nimewagawa makundi mawili. La kwanza zero kabisa, ukimsalimia kwa Kiingereza anaangalia mlangoni. La pili ndio linanitesa, ukiongea wanaelewa, tensi zote wanazitaja kwa majina, ila kufungua mdomo hakuna.

Mpaka sasa nafundishia notsi zangu, sasa nataka kitabu kimoja kwa kila kundi nikisimamie mpaka mwisho. Kwa jamaa wa vitabu vya mtumba nimeona vile vitabu vya grama vya Murphy, ile nyekundu na ile ya bluu, Headway na English File matoleo ya zamani, na Interchange moja imechoka choka. Hela ya kubeba vyote sina. Waliofundisha kwa vitabu hivi nisaidieni, nichukue kipi niache kipi, na naomba sababu jamani, sio "chukua hiki mkuu ni kizuri" basi.

Kigoda Kirefu
Murphy. Nyekundu kwa zero, bluu kwa wa kati, umemaliza kazi. Kushoto maelezo, kulia mazoezi, majibu yapo nyuma, hata ukiumwa darasa linaendelea lenyewe. Hayo mengine ni picha za wazungu wanakunywa kahawa.

Nasubiri Pidiefu
Nimevuta kiti hapa, mwenye soft copy asinisahau

Dada wa Bagamoyo
Kigoda umenichekesha ila hapana. Murphy nampenda na ninacho mpaka leo, lakini mwenyewe hakuandika kitabu cha kuendeshea darasa, ni cha mtu kujisomea na kufanya mazoezi ya grama, imeandikwa hapo hapo kwenye jalada. Nyekundu ina yuniti 115, bluu 145, na ndani ya zote hizo hakuna kusikiliza, hakuna habari ya kusoma, hakuna watu wawili wanaongea kwa kirefu. Sasa mleta mada kasema kundi lake la pili wanajua tensi kwa majina na hawaongei, wewe unampelekea bluu ambayo yuniti nne za mwanzo ni present continuous na present simple! Watajaza nafasi zilizoachwa wazi, watapata zote, watarudi nyumbani hawajasema neno. Huo ugonjwa wametoka nao sekondari, hauponi kwa dozi ile ile.

Bluu nunua moja, ikae mezani kwako. Wakiharibu kitu wakati wa kuongea unafungua yuniti yake, mnafanya robo saa, mnaendelea. Mfano present perfect ipo yuniti ya 7, hiyo utaifungua sana maana watu wetu wanadhani kila penye "-me-" pana "have". Amevaa shati jekundu, anakwambia "he has worn a red shirt" badala ya "he is wearing". Murphy kaandikia dunia nzima, hajui kama Mswahili anaangukia hapo, hiyo mifano lazima uongeze mwenyewe.

Mpwani wa Nungwi
Hapo Dada kamaliza. Mimi nafundisha wafanyakazi wa mahoteli huku kaskazini Unguja, mapokezi, jikoni na wale wa ufukweni, na Headway na English File zote nimezitumia darasani kwa hiyo naongea nilichokiona.

Headway ni mkongwe, Liz na John Soars walianza kuitoa 1986, na ukongwe unaonekana kwenye mpangilio: kila kitu kina mahali pake, grama imeshikwa vizuri, na mwisho wa kila yuniti kuna kipande cha Everyday English, kuagiza chakula, kuuliza njia, kupiga simu. Kwa watu wa hoteli kile kipande peke yake kinalipa kitabu kizima. Shida yake habari za kusoma ni ndefu, na toleo la zamani kama hilo la mtumba utakutana na watu maarufu ambao vijana wako hawajawahi kuwasikia, nusu ya kipindi unaeleza huyu nani.

English File naiweka juu kwa kitu kimoja tu: matamshi. Kila sauti ina picha yake, "fish" ni i fupi, "tree" ni i ndefu, na picha zile zile zinarudi kitabu kizima. Sisi Kiswahili kina vokali tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za vokali kama 20, kwa hiyo mtu wetu "ship" na "sheep" anasema kitu kimoja na anashangaa mgeni haelewi. Mimi nimechora zile picha kwenye manila nikabandika ukutani, mtu akikosea simwambii umekosea, nanyoosha kidole kwenye samaki au kwenye mti, anajirekebisha mwenyewe. Na masomo yake ni mafupi, kurasa mbili umemaliza moja.

Halafu kitu ambacho hakuna kitabu hata kimoja kitakusaidia ni yuniti ya saa. Utachora saa ubaoni, mshale mdogo kwenye moja, wote "one o'clock" safi kabisa, ukitoka nje ukamuuliza saa hizi saa ngapi na ni saa moja usiku atakujibu "one o'clock" kwa kujiamini. Kwa mpokea wageni hilo ni balaa maana gari la airport linaondoka na mtu amelala. Mimi hiyo yuniti naifanya mara mbili, ya kwanza kama kitabu kinavyotaka, ya pili naandika ratiba ya boti na ya shifti zao kwa saa za Kiswahili wao wazigeuze.

Kigoda Kirefu
Sawa nimewaelewa lakini kuandika manila ukutani sio kitabu hiyo ni juhudi binafsi 😂 mwenzenu ana darasa la kulipwa anataka kitu cha kushika mkononi

Bint Likoni
Mbona hamna aliyetaja Side by Side? Mimi niko Mombasa nafundisha kina mama, wengine hata darasa la nane hawakufika, na hicho ndicho kimenitoa. Ni cha Kimarekani, cha Molinsky na Bliss, kimejaa vipicha na mazungumzo mafupi mafupi ambayo unabadilisha neno tu. Naandika mazungumzo moja ubaoni, wanakaa wawili wawili, wanabadilisha jina, mahali, kazi, dakika kumi darasa zima linapiga kelele kwa Kiingereza. Kitabu ni kimoja tu, changu, hakuna anayelia hana kopi. Ubaya wake ni kurudia rudia, mtu mwenye elimu kidogo atakuona unamfanya mtoto. Kwa hiyo zero ndiyo, wale wako wa pili usithubutu.

Mwana Kivu
Bandugu mimi niko Goma, huku mambo ni mbali kidogo juu watu wetu wamesoma kwa Kifaransa. Maneno marefu ya Kiingereza yanawaingia mbio sana, "information", "hotel", "administration" hiyo yote anaijua tayari, anakwama kwa maneno madogo, "get", "put", "take off". Nilijaribu kuanzia kitabu cha zero wakachoka, nikawapandisha Elementary moja kwa moja wakafurahi. Ndugu wa Moshi hao wako wa form four nao pima kwanza, wanaweza kuwa juu kuliko unavyofikiri kwenye kusoma na chini kuliko unavyofikiri kwenye kuongea.

Mtu wa QT
Na vya TET je? Vitabu vya English vya sekondari vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, unasoma bure. Habari zake ni za kwetu, majina ya kwetu, hakuna theluji wala treni za chini ya ardhi.

Dada wa Bagamoyo
Vizuri kwa kazi yake, na hao wa kurudia mtihani wape tu. Ila vimeandikwa kwa mtoto wa form one mwenye vipindi kila wiki na mtihani mbele yake, mpagazi wa miaka 35 anataka kumwambia mgeni "kunywa maji, tembea polepole, kichwa kinauma?" Chota habari za kusoma humo, mtiririko wa darasa usiutoe humo.

Twisheni ya Jioni
Nawashukuru sana, mmenifungua. Ila kuna jambo sikulisema mwanzo na naona ndilo lenye kesi. Watu wangu wanapotea. Mtu akipata safari ya mlimani kwa njia ya Machame ni siku sita saba hayupo, njia ya Lemosho mpaka nane, akirudi amechoka na darasa limeshafika mbali. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ndio kabisa, leo wako wengi kesho mabenchi matupu. Masika Aprili na Mei wanajaa wote. Kitabu cha kufuatana yuniti kwa yuniti nitakiendeshaje hapo?

Mpwani wa Nungwi
Aah sasa hiyo ungeanza nayo mkuu, inabadilisha jibu. Sisi pia hai sizoni, msimu wa wageni wengi, tunapoteza watu kwa shifti. Hapo Headway inakufa, maana somo la tatu linadai ulikuwepo la kwanza na la pili. English File inavumilika kwa sababu ya yale masomo ya kurasa mbili na grama yote imewekwa nyuma, aliyekosa unampa ukurasa wa nyuma akasome kwenye hema.

Mlezi wa Kopi
Interchange mmeiruka kabisa. Ya Jack Richards, ina Intro kwa zero halafu 1, 2, 3, kila kitabu yuniti 16 na kila yuniti mada yake, chakula, familia, safari, afya. Mtu akikosa yuniti ya chakula akaja ya afya bado anaongea. Na ni Kiingereza cha Marekani, mlimani Wamarekani si haba. Kwa kundi la pili ningechukua ya 2, kila mahali inawalazimisha kuuliza mwenzao kitu. Ubaya: grama yake nyepesi, ndipo bluu ya Dada inapoingia, na bila odio nusu yake imekufa, kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza kama sidii au mafaili yapo.

Dada wa Bagamoyo
Nakubali Interchange 2 kwa hao, na wala haigombani na nilichosema. Cha masika kingine, ukiwa na watu wote ndipo uwape yale mazito ya grama, hai sizoni fanya mazungumzo yasiyofuatana. Kitabu kikusikilize wewe.

Na wakiondoka kupanda mlima wape vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Oxford Bookworms Starter ni maneno 250, Stage 1 ni 400, Stage 2 ni 700, vyembamba, vinaingia kwenye begi. Anayesoma viwili vitatu kambini anarudi hajashuka.

Jingine, matangazo kwenye nguzo za umeme ya "Kiingereza miezi mitatu" usiyaige. Makadirio ya Cambridge ni masaa 180 mpaka 200 ya kufundishwa kufika A2, yaani ngazi ya msingi, na 350 mpaka 400 kufika B1, ngazi ya kati. Una jioni ngapi kwa wiki?

Twisheni ya Jioni
Tatu, saa moja na nusu kila moja.

Dada wa Bagamoyo
Masaa manne na nusu kwa wiki. Zero wako kufika A2 ni wiki arobaini na kitu, na hapo hakuna aliyepanda mlima. Waambie mapema kabla hawajalipa.

Kigoda Kirefu
Kwa hiyo Murphy wangu kabaki mezani kwa mwalimu tu. Haya nimenyoosha mikono kwa kundi la pili, kwa zero bado nabisha, nyekundu yuniti ya kwanza ni am, is, are, kuna ubaya gani hapo?

Bint Likoni
Hakuna ubaya, akishasema "I am Halima" mara ishirini kwa mdomo ndio umpe akaandike. Wewe unataka aandike kwanza.

Twisheni ya Jioni
Nimeamua hivi: zero nawaanzia Side by Side nikiipata, nisipoipata English File Beginner, kundi la pili Interchange 2, bluu moja ya kwangu. Kesho narudi kwa jamaa wa mtumba kuulizia sidii. Aliyeko Arusha au Moshi mwenye Side by Side ya kuuza aje inbox, hata kama jalada limetoka.

Nasubiri Pidiefu
Pidiefu mkuu vipi