Champali za ndani na maumivu ya kiuno, kuna uhusiano kweli?

mamaswabra_kisauni
Asalaam aleikum jamani. Tumehamia nyumba ya taili huku Kisauni, kule tulikotoka ilikuwa simiti na mikeka kila pahali, na tangu tuhame kiuno chaniuma walai, sanasana jioni nkimaliza mambo ya jikoni. Ndani natembea miguu mitupu ama na ndara nyembamba ambazo kisigino kishalika upande mmoja. Baba watoto asema ni umri (mimi na umri gani!), dadangu asema ni taili. Na mama mkwe hataki kuona chochote miguuni ndani, asema hapa pataswaliwa vipi. Sasa ni ndara kweli ama nitafute kwengine?

yakhe_majengo
Waaleikum salaam. Ni taili hiyo, haina huruma kabisa. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo nkamtafutia Crocs za mtumba pale Kongowea na mpaka leo hajalalamika. Tupa hizo ndara halafu nunua ule mkanda wa kiuno wauzwa duka la dawa, ufunge ukiwa kazini

fisio_pwani
Yakhe mkanda uwache kwanza. WHO walitoa miongozo mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yale yapitayo miezi 3, na mikanda ni katika vitu walivyosema visiwe matibabu ya kawaida. Na mtumba angalia soli, kama ishalika na mguu wa mtu mwengine huko Ulaya umenunua tatizo lake.

Dadangu, mimi kazi yangu ni fiziotherapi na nakwambia hakuna slipa inayotibu mgongo. Hata zile soli za kuweka ndani ya kiatu, Cochrane, wale watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za matibabu, mwaka 2007 walizipitia wakaona hazizuii maumivu ya mgongo. Lakini ndara iliyolika upande mguu waegemea huko huko, goti na nyonga vyafuata, na ile isiyoshika nyuma vidole ndio vyafanya kazi ya kuikamata isitoke basi hatua zawa fupi fupi na miguu yachoka mapema. Kwa hivyo ibadilishe, tafuta yenye kamba nyuma na soli nene kiasi, ukiipinda ikunjike kwenye vidole sio katikati. Miguu mitupu yenyewe si kosa, wengi wetu tumekua hivyo, shida ni kusimama pahali pamoja masaa juu ya sakafu ngumu.

Ila mimi ningekuuliza zaidi hiyo jioni yako iko vipi. Wapiga deki umeinama na tambara? Wakuna nazi kwa mbuzi halafu wainuka moja kwa moja kuosha vyombo? Sinki iko chini? Hapo ndipo kiuno kinapoliwa kuliko kwa ndara. Weka kibao chini ya sinki upandishe mguu mmoja, ukichoka ubadilishe, na tafuta mopu ya mti mrefu. Usilale kitandani kutwa eti wapumzisha mgongo, tembea tembea. Ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo umekataa ama wajitokea wenyewe, ama mguu waishiwa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo usingoje kesho

mwana_likoni
Hilo la mama mkwe mbona jepesi. Sisi kwetu za chooni zalala mlangoni mwa choo hazitoki hapo, na kila mtu ana slipa zake za ndani ambazo hazijawahi kuona nje, ukifika kwenye mkeka wavua. Twahara iko pale pale. Na huyo bibi kama ana sukari ndio asitembee miguu mitupu kabisa, mishipa ya miguu yapoteza hisia mtu akatwa na kitu na hajui mpaka kidonda kishakuwa kikubwa

mamaswabra_kisauni
Shukran sana. Sinki iko chini kweli, landilodi alijenga kwa kimo chake nafkiri 😅 na nazi nakuna karibu kila siku. Kibao kipo ntajaribu leo. Lakini mama mkwe ana sukari ya miaka, hiyo sasa ntamwambiaje mimi?

mwana_likoni
Usimwambie wewe. Siku ya kliniki msindikize, daktari akikagua miguu muulize habari ya slipa mbele yake

yakhe_majengo
Mimi mkanda siutupi lakini