Mtoto wa miaka 14, mtaala wa Kikristo, historia ina mapengo: tuanzie wapi?

MamaTeule, Nakuru

Shalom wapendwa. Kijana wetu ana miaka 14, anasomeshwa nyumbani tangu darasa la kwanza kwa mtaala wa Kikristo wa vijitabu kutoka Marekani. Historia ya Marekani ameipitia mara mbili, na Biblia anaijua vizuri. Lakini ukimuuliza nani alijenga Fort Jesus, au kanisa lilikuwa wapi kati ya mitume na Luther, hana jibu. Tunataka afanye IGCSE (mtihani wa kimataifa wa sekondari wa mtaala wa Uingereza) ya historia baada ya miaka miwili. Tumrudishe kwenye mzunguko wa miaka minne, Uumbaji hadi leo? Tuna vipindi vinne vya dakika 45 kwa wiki, na mtazamo wa Kikristo hatutaki kuuacha.

Mwalimu wa Kaloleni

Msimrudishe mwanzo, mama. Mzunguko ule umepangiwa mtoto wa miaka 6 atakayeizunguka historia mara tatu kabla ya kumaliza shule. Huyu akiuanza leo, mtihani utamkuta katikati ya safari.

Pimeni pengo kwanza. Andikeni matukio 24 kwenye vikadi, bila miaka: kuanguka kwa Samaria, Koreshi kuitwaa Babeli, kifo cha Aleksanda, kubomolewa kwa hekalu na Warumi, Mtaguso wa Nikea, Hijra, Ibn Battuta kufika Kilwa, kuanguka kwa Konstantinopoli, Vasco da Gama kufika Malindi, Luther, Mkutano wa Berlin, Maji Maji na mengine ya namna hiyo. Avipange sakafuni kwa mfuatano, asisaidiwe. Kikadi kimoja kukaa mahali pasipo pake si neno. Tazameni palipochanganyika vitatu au vinne kwa pamoja; pengo liko hapo. Kwa mitaala ya aina hii huwa ni mwaka 70 BK hadi 1500, halafu karibu Afrika nzima.

Baada ya hapo mtengenezee mstari wa nyakati ukutani kwa karatasi za manila zilizounganishwa. Anzeni 1000 KK, wakati wa Daudi, sentimita 1 kwa miaka 10 mpaka 1800: mita 2 na sentimita 80. Kuanzia 1800 badilisheni kipimo, sentimita 1 kwa mwaka, na mpaka wa vipimo upakwe rangi nyekundu asije akadanganyika. Wengi hutumia kipimo kimoja hadi mwisho, na miaka 200 ya karibuni, ambayo ndiyo ya mtihani, inabanwa kwenye sentimita 20.

Misumari ya kutundikia mambo tayari anayo, ni Biblia. Samaria 722 KK inamfungulia Ashuru, Yerusalemu 586 KK Babeli, 539 KK Uajemi; na ingawa haimo katika Biblia, 63 KK, jemadari Pompey alipoitwaa Yerusalemu, inamfungulia Roma. Kwa sababu hiyo ulimwengu wa kale haustahili zaidi ya wiki 6. Wiki 8 zichukue 70 BK hadi 1453, nyingine 8 Afrika na pwani yetu, wiki 10 ziwe za 1800 hadi uhuru. Wiki 4 msizipangie kitu kabisa, maana kuna ugonjwa na wageni. Jumla 36.

Ndugu Zakaria

Kwenye zile wiki 8 za 70 BK hadi 1453, ambazo ndizo za kanisa, msiende Ulaya moja kwa moja. Mapengo yenu mawili yanakutana Afrika, na mkiyafunga pamoja mtaokoa muda.

Mfiadini Perpetua aliuawa Karthago (Tunisia ya leo) mwaka 203. Askofu Augustino alikufa Hippo (Algeria ya leo) mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Athanasi wa Aleksandria ndiye aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksumu (Ethiopia ya leo), na katika karne ile ile ya 4 mfalme Ezana akaondoa mwezi na duara kwenye sarafu zake akaweka msalaba. Mtafutieni kijana picha za sarafu hizo, za kabla na za baada, na mmuulize serikali inataka kumwambia nani nini kwa kubadilisha sarafu. Swali hilo tayari ni zoezi la mtihani.

Halafu mpeni swali la wiki mbili: kwa nini kanisa la Karthago lilizimika, na la Misri na Ethiopia likabaki? Atajibu kwamba Karthago walitumia Kilatini, wenzao wakawa na Maandiko kwa Kikopti na Kige'ez. Vizuri. Hapo mwekeeni Nubia (Sudan ya leo) mbele: nao waliandika kwa lugha yao, waliishi kwa mkataba na watawala Waislamu wa Misri tangu 652, na bado kanisa lao likatoweka. Jibu lake rahisi litavunjika, na atalazimika kutafuta sababu ya pili na ya tatu. Msimwokoe haraka.

Kwa pwani: Vasco da Gama 1498, Fort Jesus kuanza kujengwa na Wareno 1593, kisha 1631. Msiuruke mwaka huo. Sultani Yusuf bin Hasan alilelewa Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudi Mombasa kutawala, akaasi na kuwaua Wareno na Wakristo waliokataa kuiacha imani. Kijana wa Kikristo auone ubatizo ulivyofungamanishwa na siasa. 1698 Waomani wakaitwaa ngome.

MamaTeule

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Miaka ya kale kwenye vitabu vyake hailingani na ya makumbusho. Na wamisionari: kitabu kimoja kinawasifu tu, kingine kinawaita mawakala wa wakoloni.

Mwalimu wa Kaloleni

Ubishi mkubwa wa miaka uko kabla ya 1000 KK, ndiyo maana nimewaambia mstari uanzie hapo. 722, 586 (wengine husema 587) na 539 hazina ubishi mkubwa. Ya nyuma zaidi aandike pande zote mbili kwa penseli, aeleze kila upande unahesabu kwa kutumia nini, mwendelee. IGCSE haifiki huko.

Kuhusu wamisionari, msimpe hukumu iliyokwisha kupikwa. Mpeni tarehe. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, miaka 40 kabla ya Berlin. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa 1875 kwa watumwa walioachiwa huru. Chilembwe, aliyeongoza uasi Nyasaland (Malawi ya leo) 1915, alikuwa mchungaji. Mwaka 1929 misheni ziligombana na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, shule huru zikazaliwa. Kila mara aulize: misheni ipi, wapi, mwaka gani? Neno "wamisionari" likiachwa tupu kwenye insha, lizungushieni duara jekundu.

Dada Mwl. Rehema

Niongeze la mtihani. Vijitabu vya kujaza nafasi humfundisha kutaja, na mtihani unataka aeleze. Kila wiki aandike nusu ukurasa: dai moja, ushahidi wa aina mbili, kisha sentensi inayoanza na "kwa hiyo". Asipate alama kwa kutaja mwaka peke yake. Kuna karatasi nzima ya vyanzo, kwa hiyo kila wiki ya pili mpeni waraka mfupi, kwa mfano mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash wa Zanzibar, wa kufunga masoko ya watumwa: nani anataka, nani analazimishwa, na utajuaje?

Maudhui makuu ni karne ya 19 au ya 20, mnachagua. Pakueni silabasi ya mwaka wa mtihani wake, si ya sasa. Ulizeni kituo cha mtihani mapema kama kinapokea mtahiniwa wa kujitegemea, na kama kuna karatasi ya mtihani inayochukua nafasi ya kazi ya darasani, maana aliyesomea nyumbani hana mwalimu wa kituo wa kumsahihishia.