Mrejesho: lipu inayobanduka na altare katika kanisa la zamani lililogeuzwa nyumba

Nawashukuru wote mliojibu. Niliuliza kwa nini lipu ya saruji inabanduka kwenye kuta za mawe za kanisa la Kikatoliki la kijijini ambalo sasa ni makazi, na altare ya mawe (meza ya kuadhimishia Misa) iliyobaki ifanyweje.

Mliosema saruji ndiyo adui mlikuwa sahihi kabisa. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa, zinapumua. Saruji inaziba, maji yanayopanda kutoka ardhini yanakwama nyuma yake, chumvi inaganda na kuisukuma lipu nje. Yote imebanduliwa kwa patasi na nyundo, taratibu, maana mashine huvunja kingo za mawe. Udongo wa nje umeshushwa sentimita 20 chini ya sakafu, ukuta ukaachwa ukauke. Lipu mpya ni chokaa 1 kwa mchanga mkali 3, kila tabaka lisizidi milimita 10, juu ya ukuta uliolowanishwa, kisha hufunikwa kwa magunia mabichi. Ikikauka haraka inapasuka na kubaki unga. Rangi nayo iwe ya chokaa. Ya plastiki inarudisha tatizo lile lile.

Altare ni suala zito zaidi. Kanuni ya 1222 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu jengo litumike kwa shughuli za kawaida zisizo za aibu, lakini kwa kanuni ya 1238 altare haipotezi wakfu wake jengo linapobadilishiwa matumizi. Basi haiwezi kuwa meza ya jikoni. Jimbo la Kanisa, lile la askofu, limeichukua, pamoja na masalia ya watakatifu yaliyokuwa chini yake.

Yamebaki madirisha ya vioo vya rangi, ambayo madini ya risasi yanayoshikilia vioo yamelegea upande wa chini.