Filamu za Halloween kwa mtoto wa miaka 4, zisizotisha?

Mama Nuru: Habari wadau, tuko huku Marekani na shuleni kwa mwanangu kila mtu anaongelea Halloween, ile sikukuu yao ya maboga na mavazi ya kutisha, anataka na yeye aangalie muvi ya maboga ila kitu kidogo tu analia usiku mzima. Mnawawekea nini?

babake_twins: Anza na It's the Great Pumpkin, Charlie Brown. Ya zamani hiyo, 1966, haifiki hata nusu saa, hamna zimwi wala damu, ni mtoto anaitwa Linus tu kakaa shambani anasubiri boga la ajabu ambalo halitokei ng'o. Ila watoto mle wanaitana majina, mjinga mara nini, usishangae akija kukuita wewe 😂

Shangazi K: Dada usidanganyike na katuni kisa ni katuni. Coraline ya 2009 ina mama mwenye vifungo badala ya macho, hata mimi niliizima. Jaribu Room on the Broom, dakika kama 25 hivi, mchawi mpole anapakia wanyama kwenye ufagio, sehemu ya joka ndo ukae naye karibu.

Mama Nuru: Mchawi mpole 🤣 bibi yake akisikia hivyo simu haitakatika leo. Hocus Pocus je?

Shangazi K: Hapana kwa kweli, wale wachawi wananyonya uhai wa watoto. Ngoja akue.

babake_twins: Na uangalie mchana, sio saa ya kulala, tena wewe uione kwanza peke yako