Malalamiko: Muuzaji wa samaki wa mapambo Mbeya aliyeniambia samaki wa Nyasa hawahitaji hita

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwezi Juni nilinunua katika duka moja la hapa jijini, ambalo sitalitaja jina, tangi la kioo la lita 120, pampu ya hewa, chujio la sponji na samaki kumi na wawili wa Ziwa Nyasa, wale wa buluu na manjano wanaokaa kwenye miamba, ambao wafugaji wa nchi za nje huwaita mbuna. Vyote nilikabidhiwa kwa mkupuo mmoja, nikaambiwa nijaze maji ya bomba na kuwaingiza samaki jioni hiyohiyo. Nilipouliza kuhusu hita, muuzaji alinijibu: "Mama, hawa ni samaki wetu wa hapahapa, baridi wameizoea."

Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu inaingia akilini upesi. Lakini nani katika mkoa huu asiyejua kwamba ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, sweta unalivua njiani? Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 23 na 28 za Selsiasi karibu mwaka mzima, ilhali sisi tunaishi kwenye mita 1,700 na Juni yetu mnaijua. Muuzaji anayewatoa samaki hao Matema na kuwapandisha mpaka huku hawezi kudai kwamba hakuona tofauti ya hali ya hewa.

Siku ya tano niliamka alfajiri nikakuta wanne wamekufa na waliobaki wamekusanyika juu, vinywa vikigusa uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufunga kwa haraka. Dume mmoja aliyekuwa wa buluu iliyokolea alikuwa amegeuka mweusi na kulalia ubavu kando ya jiwe. Niliazima kipimajoto cha jirani anayetotolesha vifaranga, nikakitumbukiza ndani ya tangi, kikasoma nyuzi 15.

Baridi haikuwa peke yake. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hukaa zaidi kwenye sponji, na huchukua takriban wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, tena kwenye maji ya baridi huchelewa zaidi. Kumuuzia mtu tangi na samaki kumi na wawili siku moja bila kumweleza jambo hili ni kumuuzia vifo, na mtu anayeishi kwa biashara hii analijua.

Nilimpigia simu. Akaniagiza nimwage maji yote, nioshe sponji kwa sabuni mpaka itakate, kisha nijaze maji mapya ya bomba. Nilitii, kwa kuwa yeye ndiye niliyemwona mjuzi. Kwa kufanya hivyo niliwaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika, na ikiwa maji yale yalikuwa na klorini, nikawaongezea samaki sumu nyingine. Sponji husuuzwa taratibu katika maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe, basi. Katika siku tatu zilizofuata walikufa watano wengine, na binti yangu wa miaka saba ndiye aliyewahesabu.

Watatu waliosalia wanaishi kwa hita ya wati 200 niliyoagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi, kwenye nyuzi 25, nami hubadilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, maji niliyoyalaza kwenye ndoo na kuyapasha moto kidogo. Nilipoenda dukani kudai haki yangu, nilijibiwa kwamba samaki akishavuka mlango ni mali ya mteja. Nikiwa bado nimesimama pale, kijana mmoja alitoka na tangi jipya begani na mfuko wa samaki mkononi. Nilimfuata mpaka barabarani nikamweleza yote haya.

Nadai shilingi 135,000 za samaki tisa, kwa bei ya 15,000 kila mmoja, na nataka duka hilo likome kuuza tangi na samaki siku moja. Aliyepewa ushauri kama huu hapa Mbeya, Iringa au Njombe naomba aandike hapa chini alichoambiwa, kwa maneno yaleyale, ili tukienda kulalamika twende tukiwa wengi.